Bibi Yuko Wapi Jukwaani?

Usiku wa tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, Kiswahili kilisikika kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Aliyekileta hakutoka Dar es Salaam wala Mombasa. Alikuwa Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norway, na Norway ndiyo aliyoiwakilisha. Wimbo wake, "Haba Haba", wenye beti za Kiingereza na kiitikio cha Kiswahili, ulikuwa umeshinda mchujo wa taifa lile na kushika namba moja kwenye chati za huko. Nusu fainali ile ilikuwa na nchi 19, kumi zinapita. Norway ikamaliza ya 17.

Hapa Mwanza, video ile inapozunguka tena kwenye simu za watu, jibu huwa tayari: lugha ndiyo iliyomponza, Mzungu atampigiaje kura mtu asiyemwelewa? Hoja hiyo haina miguu. Mwaka mmoja tu baadaye, mjini Baku, Urusi ilipeleka mabibi sita kutoka kijiji cha Buranovo. Waliimba kwa Kiudmurt, lugha ambayo hata Warusi wengi hawaijui, wakichomekea Kiingereza cha kuombea maji kwenye kiitikio. Wakashika nafasi ya pili. Aliyewazidi ni Loreen wa Sweden peke yake.

Zitazame video hizo mbili kwa kufuatanisha. "Haba Haba" inaanza na bibi: binti anakumbuka maneno aliyoambiwa na bibi yake alipokuwa mdogo, kwamba anaweza kuwa chochote anachotaka. Mwanzo mzuri, kila mtu duniani ana bibi au alikuwa naye. Sasa bibi huyo yuko wapi jukwaani? Hayupo. Wapo mwimbaji mchangamfu na waitikiaji wake, wanacheza, wanatabasamu, taa zinawaka kisherehe. Ungeutoa wimbo ule ukaweka mwingine wowote wa kuchezeka, na fundi wa taa asingelazimika kugusa swichi hata moja.

Baku, mabibi hawasimuliwi, wapo wenyewe. Wamevaa mavazi ya kwao, vitambaa vimefungwa kichwani, na katikati yao kuna tanuri. Sinia la vitafunio linaingia motoni, wanaimba, wanacheza kidogo kwa hatua za watu wenye magoti ya umri ule, na wimbo unapokwisha sinia linatoka, vitu vimeiva. Hakuna chakula kinachoiva kwa dakika tatu, na hakuna aliyedanganyika. Wimbo wenyewe unamhusu mama anayetandika kitambaa mezani akingojea wanawe warudi nyumbani. Mtazamaji wa Lisbon ambaye hajui neno moja la Kiudmurt ameshaipata habari yote: kuna wageni njiani na jiko limewashwa. Ongeza na habari iliyokuwa imeenea kabla ya usiku ule, kwamba mabibi hao walikuwa wakiimba ili wapate fedha za kujenga upya kanisa la kijiji, uone kama utaweza kuwanyima kura.

Ninachosema ni kwamba kwenye mashindano ya nyimbo kila kilichoko jukwaani lazima kiwe na kazi. Vazi liwe na kazi, kifaa kiwe na kazi, mtu wa pili na wa tatu wawe na kazi. Hapo lugha yoyote inapita. Vikikaa kama mapambo, hata ukiimba Kiingereza cha Oxford hupati kitu, na orodha ya waliokwama na Kiingereza chao ni ndefu kuliko barabara ya Shinyanga.

Uwanja wenyewe una masharti makali. Eurovision ilianza 1956 mjini Lugano, Uswisi, ikiwa na nchi saba. Wimbo hauzidi dakika tatu. Watu jukwaani hawazidi sita. Mnyama hai haruhusiwi. Sauti kuu huimbwa laivu, ila ala zote hutoka kwenye pleibeki tangu okestra ilipoondolewa baada ya mashindano ya 1998, kwa hiyo yule unayemwona akilikata gitaa huku jasho likimtoka anaigiza. Kati ya wimbo na wimbo mafundi wanapata kama dakika moja hivi ya kuondoa tanuri na kuingiza mtumbwi, wakati watazamaji wa nyumbani wanapozubaishwa na kafilamu kafupi. Zamani waitikiaji nao walikuwa wakiimba laivu. Tangu 2021 sauti zao zinaweza kurekodiwa, na nafasi hizo sasa mtu anaweza kuwapa madansa. Buranovo kikundi kizima kilikuwa na watu zaidi ya sita. Wengine walibaki, kwa sababu sita ni sita.

Sisi wa kanda hii tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Wasukuma walikuwa na mashindano ya ngoma zamani kabla mtu hajaota Lugano. Katika karne ya 19 palikuwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, wote waganga na wote wacheza ngoma, na kwao ndiko zilikotoka pande mbili za Bagika na Bagalu, ambazo mpaka leo zinavigawana vikundi vya ngoma vya Usukumani kama Simba na Yanga zinavyogawana vijiwe vya kahawa. Kila mwaka, kwa kawaida Juni, kwenye sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, pande hizo hukutana Bujora, pale Kisesa, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, kwenye kituo kilichoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Sherehe yenyewe ni Bulabo.

Kanuni ya asili ya mashindano haya inatisha. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja huku, kingine kule. Mtazamaji hapewi karatasi ya kura wala namba ya kutuma ujumbe. Anahama. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, na dawa za mvuto ni sehemu ya maandalizi sawa na mazoezi ya miguu. Kule Ulaya mwimbaji anaimba peke yake. Ukikuchosha wimbo unakwenda kuchemsha chai, naye hatajua. Bujora ukichosha kwa nusu dakika unaona migongo ya watu.

Niliwahi kuona pale kikundi kikipoteza karibu upande mzima wa watazamaji wake kwa sababu ya gunia. Gunia la katani, la kawaida kabisa, lilikuwa limelazwa katikati ya duara la jirani tangu mwanzo. Hakuna aliyelitazama wala kuligusa. Wachezaji walilizunguka wakiimba, mmoja akakaribia, akainama, akaghairi, akarudi kwenye mstari. Gunia likajongea kidogo. Watu waliokuwa upande wetu wakaanza kunyoosha shingo, halafu mtoto mmoja akakimbia, halafu mama yake akamfuata, au alijifanya kumfuata, halafu tukabaki wachache. Chatu alipotolewa hatimaye, shindano lilikuwa limekwisha zamani. Nyoka hao hawakuingia kwenye ngoma kwa ajili ya kupendeza: vyama vya wacheza nyoka vilikuwa vya watu waliojua kumkamata nyoka na kumtibu aliyeumwa. Walikileta uwanjani kile walichokuwa wakikishika kila siku.

Jembe la bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ni vilevile. Mchezaji analishika mpini katikati, analizungusha mpaka bamba linaonekana kama duara la chuma, analirusha, anapiga goti, analidaka kabla halijala vumbi, na mguu wake haujaikosa ngoma kubwa hata pigo moja. Wenzake nyuma wanalima hewa kwa mstari mmoja, kwa sababu ngoma hii inatokana na kulima kwa pamoja, mapigo yakiwashika watu ili asiwepo wa kubaki nyuma kwenye tuta. Hakuna kamati iliyokaa ukumbini kujadili kifaa gani kiwakilishe utamaduni wetu. Jembe lilikuwa mkononi tayari.

Sasa rudi Liverpool, 2023. Finland imeleta kijana anayejiita Käärijä na wimbo "Cha Cha Cha", kwa Kifini kitupu. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka: gunia lile! Kijana anaanza akiwa ndani ya kasha la mbao, anachomoza, anarudi, anatoka. Kifua wazi, mikono imevalishwa kitu cha kijani kinachong'aa kama taa za barabarani, kimevimba mabegani, kimeishia hapo. Wimbo unamhusu mtu aliyechoka na wiki ya kazi, anakunywa, aibu inamtoka kidogo kidogo mpaka anavamia sehemu ya kuchezea muziki. Kasha linayasema hayo yote. Mkono wa kijani unayasema. Nusu ya pili muziki unageuka kutoka kelele za vyuma kuwa wa kuimbika, madansa wa rangi ya waridi wanaungana naye, na ukumbi mzima unaitikia maneno ya kichwa cha wimbo, ambayo hayahitaji mkalimani.

Kura za watazamaji zilimpa pointi 376, nyingi kuliko mtu yeyote usiku ule. Loreen, aliyerudi na wimbo wa Kiingereza na jukwaa la gharama, yeye akiwa amebanwa kati ya skrini mbili kubwa kama mkate ndani ya kibaniko, alipata 243 za watazamaji lakini majaji wakamjazia 340. Jumla 583 kwa 526. Sweden ikatwaa kombe. Majaji walisikiliza sauti na ufundi, na kwa kipimo hicho hawakukosea. Kwa kipimo cha Bulabo, watu walikuwa wameshahamia kwenye kasha la mbao.

Kwenye mavazi nina ugomvi wa muda mrefu na watu wa nyumbani. Kila Mtanzania anapokwenda kuimba nje akiambiwa avae kitu cha utamaduni, anavaa shuka la Kimasai. Mhaya shuka, Mkerewe shuka, kijana wa Mabatini ambaye hajawahi kumpiga ng'ombe mmoja fimbo naye shuka na shanga shingoni. Mjadala wa vazi la taifa umefufuliwa na kuzikwa mara kadhaa, na sioni kama ungesaidia ukifufuka tena, kwa kuwa swali lenyewe limekaa vibaya. Hatuulizi wimbo unasema nini. Tunauliza nchi inafananaje. Shuka la Kimasai ni vazi la mtu anayetembea juani na mifugo. Limpe mwimbaji wa wimbo wa mapenzi ya mjini, linakuwa tangazo la utalii.

Ajabu ni kwamba mtaani ufundi huu tunao. Zitazame kwaya za Mwanza. Sare ya kwaya imekatwa kwa hesabu: kitambaa kimoja, mshono mmoja, wanawake na wanaume wamepishanishwa rangi ili mstari wa pili usimezwe na wa kwanza, na mikono ya mashati imefika pale ambapo watu thelathini wakiinua viganja kwa pamoja unaona wimbi moja jeupe. Video wanakwenda kuipigia kwenye miamba ya ziwani, na miamba ya kijivu inazibeba rangi zile vizuri kuliko skrini yoyote. Unaweza kuzima sauti ukajua kuwa hawa ni watu waliokubaliana juu ya jambo. Fundi mmoja wa Makoroboi, anayeshonea kwaya na bendi za harusi, ana swali analouliza kabla hajashika futi: "Mtasimama au mtacheza?" Wakisema watacheza, anaongeza upana kwenye makwapa na anawakataza kitenge cha maua madogo, kwa sababu mtu akitikisika, kwenye kamera maua yale yanakuwa uji.

Swali lake lingewafaa wengi Ulaya. Mwaka 1981 mjini Dublin kikundi cha Uingereza, Bucks Fizz, kilishinda kwa kitendo kimoja kinachokumbukwa mpaka leo: wanaume wawili wakazichomoa sketi ndefu za wenzao wawili wa kike, zikabaki fupi, kwenye mstari uleule unaozungumzia kutaka kuona zaidi. Waweza kusema ni utoto, na nusu yangu inasema hivyo pia. Lakini sketi ile ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya neno moja. Miaka saba kabla ya hapo, ABBA walipoimba "Waterloo" kule Brighton, hata kiongozi wa okestra yao alipanda amevaa kama Napoleon. Mzaha wa sekunde tano, na ukumbi wote umeshaingia ndani ya wimbo kabla haujaanza.

Na Lordi wa Finland, walioshinda Athens 2006 wakiwa wamevaa kama mazimwi, mabawa na pembe na yote? Watu huwataja kama ushahidi kwamba kituko kinatosha. Wangapi wamejaribu kituko baada yao wakarudi mikono mitupu? Wale walikuwa wakivaa hivyo kwenye kila onesho lao miaka mingi kabla ya Athens. Uzimwi ulikuwa ndio bendi. Wanaovaa pembe kwa ajili ya usiku mmoja hutambulika upesi. Pembe zinawakaa kama kofia ya kuazima.

Lugha ina historia yake, nayo si fupi. Miaka ya mwanzo palikuwa na mazoea tu kwamba kila nchi huimba kwa lugha yake. Mwaka 1965 Sweden ikaimba kwa Kiingereza, wengine wakanuna, na 1966 ikawekwa sheria. Ikaondolewa 1973, na ABBA wakaipata nafasi hiyo wakiwa bado wa moto, ikarudishwa 1977, ikafutwa tena 1999. Tangu hapo Kiingereza kimetawala. Hadi 2025, washindi waliokuja bila Kiingereza kabisa ni wanne tu: Serbia 2007, Ureno 2017, Italia 2021 na Ukraine 2022. Wapo waliochanganya, kama Ruslana wa Ukraine, 2004, na Jamala, 2016, aliyeweka Kitatari cha Crimea kwenye kiitikio cha wimbo juu ya kufukuzwa kwa watu wake mwaka 1944. Afrika imeshiriki mara moja. Morocco, 1980, ilimpeleka Samira Bensaid na Kiarabu chake, ikapata pointi saba, zote za Italia, na haikurudi.

Wanne hao nimewatazama tena na tena, na hakuna aliyeshinda kwa kujitafsiri. Marija Šerifović wa Serbia alisimama na suti, wanawake wenzake wenye suti wamemzunguka, akaimba wimbo wa kuomba kama anayeomba kweli. Salvador Sobral wa Ureno alikataa jukwaa kubwa kabisa. Akasimama kwenye jukwaa dogo katikati ya watu, koti limempwaya, akaimba kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake sebuleni, na akapata pointi 758. Hapa msomaji anaweza kuniuliza: na kifaa chenye kazi kiko wapi? Ni nafasi yenyewe. Kati ya nyimbo zilizojaa mioto na moshi, kuteremka mpaka walipo watu ni kitendo kikubwa kuliko tanuri. Kalush Orchestra wa Ukraine waliimba kuhusu mama, filimbi za milimani zinalia, na nyuma yao macho ya mama yanatazama ukumbi kutoka kwenye skrini. Vita vilikuwa vimeanza miezi michache kabla, na wapo wanaosema kura zilikuwa za huruma. Huruma ilikuwepo. Wimbo ulikuwepo pia.

Waliofika mbali zaidi kwa njia hii ni Wabelgiji, 2003, kule Riga. Ubelgiji ina ugomvi wa lugha usiokwisha, Kiholanzi huku, Kifaransa kule. Kikundi cha Urban Trad kikaimba kwa lugha ambayo haipo. Maneno ya kubuni, hakuna Mbelgiji wala mtu mwingine duniani anayeyaelewa. Wakawa wa pili, pointi mbili tu nyuma ya Uturuki.

Na sisi tusijifanye tunashangaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hii yote ilimcheza Saida Karoli, binti wa ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa Kihaya. Mtwara walimcheza, Tanga walimcheza. Ukiwauliza wangapi walielewa beti ya pili, utaona wanacheka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo wake kwa Kiswahili, ukapendwa tena, lakini njia ilikuwa imefyekwa na Kihaya chenyewe, mkono ukiwa juu ya ngoma.

Mwaka 2025, mjini Basel, mambo haya mawili, lugha na kifaa, yalikuja kwa namna iliyonifurahisha. Sweden, mabingwa wa Kiingereza cha kusuguliwa, iliwakilishwa na KAJ, vijana watatu ambao si Waswidi wa Sweden. Ni Wafini wanaozungumza Kiswidi cha Vörå, lahaja ya kijijini kwao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1998 kwa Sweden kwenda na wimbo usio wa Kiingereza. Wimbo unasifu kuoga mvuke wa moto, basi wakalileta bafu lenyewe la mbao, moto, mataulo, na madansa waliokuwa karibu uchi kama desturi inavyotaka. Nafasi ya nne.

Aliyeshinda ni JJ wa Austria, kwa Kiingereza, na chombo. Mashua ndogo yenye tanga, picha yote nyeusi na nyeupe, upepo wa mashine, mwimbaji mwenye sauti ya opera iliyo juu kuliko ya wanawake wengi, anayumba huku na huku mpaka tanga linamshinda. Wimbo unasema mapenzi yake ni bahari na mwenzake anaogopa kuogelea. Nimekaa na wavuvi wa mwalo wa Kirumba wakiitazama kwenye simu. Sauti iliwachekesha kidogo. Mashua waliikagua: mmoja akasema tanga lile limefungwa na mtu asiyejua upepo, mwingine akamjibu kwamba ndiyo maana anazama. Hawakuhitaji kuambiwa neno la Kiingereza.

Sasa tuseme mwaliko wa namna hiyo unatufikia. Si ndoto ya mbali sana: Septemba 2025, Moscow walipoyafufua mashindano yao ya Intervision, Kenya ilikuwemo, na Vietnam ndiyo iliyoshinda kwa wimbo uliotoka kwenye ngano zao za kale. Tuseme basi bugobogobo inakwenda, dakika tatu, watu sita. Chatu anabaki Kisesa, sheria imemkataa. Gunia halijakatazwa. Ningelilaza katikati ya jukwaa kuanzia sekunde ya kwanza, na majembe yangetoka humo moja moja, si yote kwa pamoja.

Ngoma kubwa ingetoka kwenye pleibeki, kwa hiyo mpiga ngoma wa kuigiza simchukui, aniwie radhi. Wa majembe wanne. Hawaimbi, maana mtu hawezi kudaka jembe na kushika noti ya juu kwa pumzi ileile. Manju mmoja anasimama na kuimba, Kisukuma mwanzo mpaka mwisho, bila kuchomekea kiitikio cha Kiingereza ili kuwasaidia. Wa sita ni mwanamke mwenye vigelegele, maana vigelegele laivu vikipasua ukumbi wa watu elfu kumi, hakuna mashine ya moshi inayovifikia. Wenye jukwaa wataomba majembe yawe ya plastiki kwa usalama wa majaji. Hapo ningegoma. Jembe la plastiki likirushwa linaelea, na mtazamaji anajua papo hapo kwamba hakuna cha kuogopa.

Vazi wangeachiwa wenyewe wacheza majembe na yule fundi wa Makoroboi. Jibu la swali lake wanalo. Linalobaki ni manju atoke upande gani, Bagika au Bagalu, na hilo siliingilii. Nina wajomba pande zote mbili, na Juni haiko mbali.